Barua ya wazi kwa wanaotuongoza: Wahudumu wa ndege waliofariki waandikwe, na familia zao zilipwe

Kwa wakurugenzi wakuu wa mashirika ya ndege, makatibu wakuu wa vyama vya wahudumu wa ndege, na wakuu wa mamlaka za usafiri wa anga.

Waheshimiwa,

Tunawaandikia kuhusu wenzetu waliotangulia: wahudumu waliofia ndani ya ndege, waliofia hotelini wakiwa mapumzikoni mbali na kwao, waliomalizwa na maradhi baada ya miaka mingi ya kuruka usiku, na viongozi wa vyama waliofariki majalada ya wanachama yakiwa bado wazi mezani pao. Sisi tulioandika ni watu wa kabini na watu wa ofisi za vyama. Msiba ukitokea ndio tunaopigiwa simu. Tunajua fomu ipi hukosekana, saini ya nani hukawia, na jina la marehemu hukosewa wapi.

Ombi letu ni moja. Kumkumbuka mwenzetu aliyefariki kuwe kazi yenye mwenyewe, yenye tarehe na yenye fungu la fedha, kama ilivyo kazi ya kukagua milango ya ndege kabla ya safari. Leo jambo hili limeachiwa huruma ya watu. Akifa mhudumu mwenye marafiki wengi, kunakuwa na picha, maua na mchango. Akifa mtu mkimya, au aliyestaafu miaka 15 iliyopita, namba yake ya kazi inazimwa kwenye kompyuta na habari zake zinaishia hapo.

Tuanze na orodha, maana makosa mengi yanazaliwa hapo.

Ndege ikipata ajali, majina ya wafanyakazi hutafutwa kwenye karatasi zaidi ya moja. Kuna ratiba ya zamu iliyomo kwenye mfumo. Kuna kumbukumbu ya walioripoti kazini kabla ya safari. Kuna orodha ya wafanyakazi inayokabidhiwa kiwanjani, na kuna karatasi ya uzito wa ndege, ambayo haina majina kabisa: huandika 2/6, yaani wawili chumba cha marubani na sita kabini. Karatasi hizi haziafikiani kila mara. Mhudumu ameugua saa moja kabla ya kuondoka, aliyekuwa zamu ya kusubiri ameitwa mbio akapanda, na mfumo bado unaonyesha jina la mgonjwa aliyelala nyumbani. Wawili wamebadilishana safari kwa ruhusa ya mdomo. Mwingine amepewa kiti cha kukunja cha ziada, kile cha wahudumu, na jina lake limeongezwa kwa kalamu dakika ya mwisho. Halafu kuna mwenzetu anayesafirishwa kwenda kuanza kazi kituo kingine: mwilini ana sare, kwenye karatasi ni abiria. Katika ajali ya Japan Airlines 123, tarehe 12 Agosti 1985, walikufa watu 520 na wakapona 4, na mmoja wa hao wanne alikuwa mhudumu wa shirika hilohilo aliyekuwa akisafiri kama abiria. Mtu wa namna hiyo akifariki, hesabu humweka upande wa abiria, na ni rahisi jina lake likosekane kwenye kumbukumbu za wahudumu wenzake.

Kwa hiyo wakae watu wawili, mmoja wa ofisi ya zamu na mmoja wa chama, walinganishe karatasi zote, jina kwa jina. Idadi kwenye karatasi ya uzito ikiwa 2/6 na majina yakawa tisa au saba, hakuna jina linalotoka chumbani humo. Na yeyote ambaye ratiba inaonyesha yumo ndani ya ndege apigiwe simu yake kwanza, hata kama inaonekana ni kazi bure. Mara nyingine hupokea.

Familia ijue kabla ya dunia kujua. Kila mwenye dhamana anakubaliana na hilo, na bado linavunjwa kwa sababu ya kawaida sana: namba ya simu iliyomo kwenye faili ni ya zamani. Mtu anaajiriwa akiwa na miaka 22, anaandika jina la mama yake. Miaka 18 baadaye mama amefariki, mhudumu amefunga ndoa, ameachana, ana watoto wawili, na faili bado linasema mama. Hakuna aliyemuuliza tena. Nafasi ya kumuuliza ipo kila mwaka, pale mhudumu anaporudi darasani kwa mafunzo ya marudio ya usalama, anapofungua mlango wa mfano, anapozima moto na kuvaa kofia ya kuzuia moshi. Siku hiyohiyo, akiwa mezani anaonyesha pasipoti na cheti cha afya, apewe karatasi mbili. Ya kwanza ni ya watu wa kuarifiwa: majina mawili, uhusiano, simu mbili kwa kila mmoja, maelezo ya kufika mlangoni kwao, na lugha wanayoielewa vizuri. Ya pili ni ya warithi wa mafao. Karatasi hizi zisichanganywe, kwa kuwa anayestahili kuarifiwa kwanza si lazima awe ndiye anayelipwa. Bila saini kwenye zote mbili, mafunzo ya mwaka huo yasihesabiwe kuwa yamekamilika.

Karatasi ya warithi ndiyo inayoumiza watu zaidi. Asilimia hazifiki 100, au zinapita. Mtoto ameandikwa kwa jina la nyumbani, tofauti na lililo kwenye cheti cha kuzaliwa. Mrithi ni mtoto wa miaka 6 na hakuna msimamizi aliyetajwa, hivyo fedha zinakaa mpaka mahakama iteue mtu. Mrithi mwenyewe alishatangulia na hakuna wa pili aliyeandikwa. Kila kosa kati ya haya huigharimu familia miezi. Karani makini angelikamata kwa dakika tano, mhudumu akiwa hai na amesimama mbele yake.

Kwenda kuarifu ni kazi ya watu wawili waliofundishwa, mmoja wa shirika na mmoja wa chama, ana kwa ana. Wasivae sare, kwa sababu mtu akiona sare mbili mlangoni anajua kabla hajaambiwa, na watoto pia wanajua. Wahakikishe wanaongea na nani. Kisha waseme neno lenyewe: amefariki. Maneno kama "amepata matatizo" au "hali si nzuri" humwachia mfiwa tumaini ambalo atanyang'anywa baada ya saa moja, tena na mtangazaji wa redio. Kama mwili haujatambuliwa, waseme hivyo hivyo: alikuwemo, ndege imeanguka, utambuzi haujafanyika. Wasiseme lolote kuhusu chanzo. Waache karatasi yenye namba moja ya simu, ya mtu mmoja atakayepokea mchana na usiku. Shirika lisitangaze jina mpaka wawili hao wamepiga simu kusema wameshatoka katika nyumba ile.

Wapo pia wenzake walio angani saa hiyo. Wanaofika kituoni waambiwe na mtu, kwa sauti, kabla hawajawasha simu zao. Wanaokaribia kuondoka waambiwe kwenye kikao cha kabla ya safari, na atakayesema hawezi kuruka siku hiyo aruhusiwe bila alama mbaya kwenye faili lake. Mhudumu aliyeketi kwenye kiti cha kukunja wakati wa kuruka anatakiwa awe anapitia kichwani mambo yake ya nusu dakika: mlango wangu upo wapi, unafunguliwaje, slaidi ya kuwateremshia abiria imewekwa tayari, amri ya kwanza ni ipi, abiria gani ana nguvu za kunisaidia. Kichwa kilichojaa msiba wa saa mbili zilizopita hakimalizi orodha hiyo.

Sasa kifo cha hotelini, ambacho hakitangazwi na mtu.

Gari la wafanyakazi limefika, mmoja hajateremka. Mhudumu mkuu hupiga simu ya chumbani, kisha ya mkononi, kisha hupanda na meneja wa hoteli. Chumba kifunguliwe na watu wawili wakiwepo. Kukiwa na shaka yoyote juu ya uhai, huduma ya kwanza ianze palepale, maana waliopo wamefundishwa kuitoa. Daktari akithibitisha kifo, kisiguswe kitu tena: waitwe polisi wa mahali hapo, shirika liarifiwe, na ubalozi wa nchi yake. Kuanzia hapo kinachoongoza ni karatasi. Kwa kawaida zinahitajika hati ya kifo, hati kwamba mwili umetiwa dawa ya kuuhifadhi, cheti kwamba hakuna maradhi ya kuambukiza, kibali cha kuutoa mwili nchini, uthibitisho kwamba jeneza limezibwa lisipitishe hewa, na pasipoti ya marehemu. Mhuri mmoja ukikosekana, jeneza linabaki ghala la mizigo wakati watu wameshakaa matanga. Mahitaji hutofautiana nchi kwa nchi, kwa hiyo kila kituo ambacho wahudumu hulala kiwe na ukurasa wake mmoja, ulioandikwa kabla ya msiba: nani hutoa kibali, ofisi hufungwa saa ngapi, siku za mapumziko hufanywaje. Gharama yote iwe ya shirika. Ankara ya jeneza isitumwe kwa mjane.

Wenzake wa safari ile wasitakiwe kuirudisha ndege. Tunalisema kwa sababu shinikizo huwa kubwa. Kanuni za Marekani na za Ulaya zinataka mhudumu mmoja kwa kila viti 50, hivyo ndege ya viti 150 inahitaji watatu. Mmoja akifariki na wa kufidia hayupo, kwa kawaida ndege haiwezi kuondoka na abiria wake wote, na kila saa ya kusubiri ni hasara. Mpango wa kupeleka kikosi kingine uwe umeshaandikwa, ili asiwepo meneja wa kumbembeleza mtu aliyetoka kumwona mwenzake kitandani.

Kisha begi. Lifunguliwe na watu wawili, mmoja anasoma, mmoja anaandika: sare jozi mbili, viatu vya kabini, tochi, dawa, risiti, zawadi ambazo bado zimo kwenye mifuko ya dukani. Tableti ya kazi ni mali ya shirika. Simu ni ya familia. Mara nyingi vyote huchukuliwa na kufutwa kwa pamoja, na picha za mwisho za mtu zinaondoka pamoja na vitabu vya taratibu. Kifaa chochote kisifutwe kabla familia haijaulizwa. Na nguo zisifuliwe mpaka wenyewe waseme. Wapo wanaotaka zije safi na zimekunjwa, na wapo wanaoitaka harufu ile iliyobaki kwenye kola.

Waheshimiwa, tuzungumze kuhusu fedha, maana hapo ndipo heshima ya maneno hupimwa.

Abiria akifariki katika ajali ya safari ya kimataifa, familia yake inalindwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999. Tangu tarehe 28 Desemba 2024, shirika haliwezi kukwepa wala kupunguza dhima yake kwa madai yaliyothibitishwa yasiyozidi vizio 151,880 vya SDR, ile hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, kwa kila abiria. Mkataba unasema "abiria". Mhudumu aliyekuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, akimfungia mkanda, hamo. Familia ya mhudumu inaangukia sheria ya fidia ya wafanyakazi ya nchi yake na mkataba wake wa ajira, na nchi nyingi zina viwango vya chini sana. Ndege moja, dakika moja, familia mbili, na mizani mbili. Hatuombi mkataba wa kimataifa uandikwe upya kesho. Tunaomba kila shirika liandike kwenye mkataba wa pamoja na chama kwamba mfanyakazi aliyefia ndani ya ndege yake hatalipwa chini ya kiwango hicho cha abiria, na kwamba malipo ya awali yatakayotolewa kwa familia za abiria yatatolewa siku hiyohiyo kwa familia za wafanyakazi.

Kuna shimo jingine, dogo kwa macho. Mafao ya kifo huandikwa kama miezi kadhaa ya mshahara, tuseme 36. Mshahara upi? Malipo ya mhudumu yana sehemu mbili: mshahara wa msingi, na malipo ya saa za kuruka pamoja na posho. Kwa wengi wetu sehemu ya msingi ni ndogo. Tuseme katika kila 100 anayopata, 40 ni ya msingi. Kwa hesabu ya msingi pekee familia inapata 36 mara 40, sawa na 1,440. Kwa hesabu ya kipato chote ingepata 3,600. Kifungu kiseme wazi: wastani wa malipo yote ya miezi 12. Na kiongeze maneno haya, ambayo wasomao haraka huyapita: kama marehemu alikuwa katika likizo ya ugonjwa, ihesabiwe miezi 12 kabla hajaacha kuruka. Asiyeruka hana saa. Mgonjwa wa saratani aliyelala mwaka mzima kitandani hufa akiwa na wastani wa karibu sifuri, na familia yake hulipwa hivyo.

Hao wagonjwa ndio wasiokumbukwa kuliko wote. Ajali ina tarehe na mahali pa kuweka maua. Saratani haina. Wahudumu wa Marekani walipigana mahakamani kuanzia mwaka 1991 dhidi ya kampuni za tumbaku kwa ajili ya moshi waliovutishwa kabini, katika shauri lililobeba jina la mhudumu Norma Broin, na mwaka 1997 likaisha kwa suluhu ya dola milioni 300 za kuanzisha taasisi ya utafiti wa kitabibu. Leo anayepanda ndege isiyo na moshi hajui kwamba hewa hiyo ina wenyewe. Yaliyobaki ni mionzi ya anga za juu na usiku. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kazi ya zamu inayovuruga mwendo wa usiku na mchana katika kundi la mambo yanayoelekea kusababisha saratani mwaka 2007. Utafiti wa Harvard uliochapishwa mwaka 2018 uliwakuta wahudumu wa Marekani na saratani ya matiti na za ngozi kwa kiwango cha juu kuliko watu wengine.

Umoja wa Ulaya unataka kipimo cha mionzi cha wafanyakazi wa ndege kikadiriwe pale kinapoweza kuzidi milisiveti 1 kwa mwaka, na pale sheria inapotaka kumbukumbu za kipimo zitunzwe, zitunzwe mpaka mhusika afikishe miaka 75, au angefikisha kama angekuwa hai, na zisipungue miaka 30 tangu aache kazi. Yale maneno "au angefikisha" yana thamani kubwa: mtu aliyekufa na miaka 50, karatasi yake bado inaishi angalau miaka 25. Kwingineko, shirika likifilisika, kumbukumbu hupotea na samani za ofisi. Tunaomba kila mhudumu apewe nakala ya kipimo chake kila mwaka, na nakala nyingine ikae kwa mamlaka. Mjane hawezi kuthibitisha ugonjwa wa kazini kwa kumbukumbu ya marehemu kulalamika uchovu.

Tukija kwenye majina yenyewe. Mashirika yana desturi ya kuistaafisha namba ya safari iliyopata ajali. Baada ya mwaka 2014 Malaysia Airlines iliacha kutumia MH370 na MH17. Ni heshima nzuri. Tunaomba ifanyiwe watu pia: namba ya kazi ya mhudumu aliyefariki akiwa kazini isipewe mtu mwingine.

Tanzia zenu nazo zibadilike. Zinazotoka sasa husema marehemu alikuwa na tabasamu na moyo wa ukarimu. Huenda ni kweli, lakini tabasamu halimwelezi mtu aliyekuwa na cheti cha kuokoa abiria kwenye aina tatu za ndege. Barbara Jane Harrison wa BOAC, shirika la ndege la Uingereza, alikuwa na miaka 22 pale Boeing 707 iliporudi Heathrow ikiwaka moto, tarehe 8 Aprili 1968. Slaidi ya mlango wa nyuma ilijisokota, mwenzake akashuka kuinyoosha akashindwa kurudi juu, na yeye akabaki peke yake mlangoni akiwatoa watu. Kati ya watu 127 walikufa 5, yeye akiwa mmoja wao, na alipewa Msalaba wa George baada ya kifo. Neerja Bhanot wa Pan Am, shirika la ndege la Marekani, naye wa miaka 22, alikuwa katika kikosi kilichowatahadharisha marubani wakatoka kabla watekaji hawajafika kwao, Karachi, tarehe 5 Septemba 1986. Pasipoti za Wamarekani zikafichwa ili watekaji wasiwachague. Betty Ong na Amy Sweeney, wawili kati ya wahudumu 25 waliouawa Septemba 11, 2001, walipiga simu kutoka ndani ya safari namba 11 ya American Airlines wakiripoti yanayotokea, mpaka viti walivyokalia watekaji. Hayo ni maarifa ya kazi yaliyotumika mpaka dakika ya mwisho, na ndiyo yanayopaswa kuandikwa. Tanzia iseme miaka aliyotumikia, ndege alizokuwa na cheti nazo, kituo chake, kamati alizokaa, na kifungu alichokipigania. Chanzo cha kifo kiandikwe pale tu familia inaporidhia. Aliyejiua aandikwe sawa na wengine, bila kueleza njia.

Mafunzoni pia wanahitajika. Vijana hufundishwa kuonyesha taa za sakafuni zinazoongoza kwenye milango ya kutokea, na hawaambiwi zimetoka wapi. Ukiona vyaelea, vimeundwa: nyuma yake kuna moto wa Air Canada 797 mwaka 1983, ulioua abiria 23, na wa Manchester mwaka 1985, ulioua watu 55, wakiwemo wahudumu wawili wa nyuma, Sharon Ford na Jacqueline Urbanski. Dakika kumi za somo la moshi zinatosha kuwataja.

Kuhusu mnara hatuna mengi. Jina lithibitishwe na familia kwa saini kabla halijachongwa, maana mifumo ya ajira hukata majina marefu na kuacha la tatu. Mpangilio uwe wa alfabeti, bila vyeo. Iachwe nafasi.

Kusoma majina ni bora kuliko mnara, na hakugharimu kitu. Jina moja huchukua kama sekunde nne. Majina 60 ni dakika nne. Asome mtu mmoja, aliyefanya mazoezi, mwenye karatasi inayoonyesha namna kila jina linavyotamkwa, na pasipigwe makofi katikati. Siku zipo: tarehe 20 Februari, ambayo ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, imeitenga kwa ajili ya waathirika wa ajali za ndege na familia zao, na tarehe 28 Aprili, ambayo vyama vya wafanyakazi huwakumbuka waliokufa kazini. Ya kwanza ni ya ajali tu; ya pili inawabeba na wa maradhi, kwa hiyo tunaipendelea.

Ndani ya ndege tahadhari ni chache lakini za lazima. Tangazo la kumkumbuka mwenzetu litolewe ndege ikiwa imetulia juu, kamwe lisitolewe wakati wa kupanda au kushuka, na nahodha akubali kwanza. Liwe fupi, lisitaje ajali. Utepe mweusi ushonwe kwenye sare. Pini haifai kifuani, kwa sababu mikanda ya bega ya kiti cha kukunja hupita palepale.

Na sasa kwenu, makatibu wakuu wetu, maana vyama navyo vina deni. Mjumbe wa usalama aliyekesha miaka kumi akijadili saa za mapumziko akifariki, jina lake halimo kwenye mkataba alioujenga. Mikataba husainiwa na mwenyekiti. Pembeni ya kila kifungu, katika nakala ya kumbukumbu ya chama, yaandikwe majina ya waliokijadili na mwaka. Mfuko wa rambirambi nao hukwama kwa sababu moja, kusubiri kikao. Mazishi hayasubiri kikao. Kiwango kiwe kimeshapangwa, sawa kwa kila mwanachama, na kilipwe ndani ya saa 72 kwa saini mbili kati ya tatu zilizoidhinishwa. Tawi linalozoea misiba minne kwa mwaka liweke akiba ya minane, kwa sababu ajali moja huchukua wengi kwa siku moja. Wastaafu wabaki kwenye daftari hata kama hawalipi ada, na apewe mtu kazi ya kuwapigia simu mara mbili kwa mwaka.

Msisahau waliobaki hai. Katika ajali ya Jeju Air ya tarehe 29 Desemba 2024 walikufa watu 179 kati ya 181, na wawili waliopona wote ni wahudumu. Mtu wa hali hiyo ni manusura, ni mfiwa, na ni shahidi kwa wachunguzi, yote kwa pamoja. Apewe mwakilishi wa chama chumbani kabla ya swali la kwanza, mshahara kamili pamoja na wastani wa malipo ya kuruka, na asipangiwe tarehe ya kurudi.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 60. Halihitaji kuwa refu. Litaje cheo cha atakayeshika daftari la waliofariki, mahali litakapokaa, wastani utakaotumika kukokotoa mafao, na tarehe ya kusoma majina kwa mara ya kwanza. Majina tutayaleta sisi, yakiwa yamethibitishwa na familia.

Wenu katika kazi,

Wahudumu wa ndege na wajumbe wa kamati za misiba na usalama za vyama vya wahudumu